Punda Mara Mbili

Kazi yenyewe ilikuwa maneno 600 kuhusu kocha anayeitwa Amos Alonzo Stagg, na mteja aliitaka kabla ya saa mbili asubuhi. Wiki hiyo nilikuwa nimeshaandika kumi na moja za aina hiyo. Sisi tunaokula kwa kazi za mtandaoni tunajua vile inaenda: unaandika maisha ya mtu wa mchezo ambao hujawahi kuutazama hata dakika kumi, kwa tovuti ambayo hutawahi kuisoma, na jina lako halitokei popote. Alizaliwa lini, alichezea nani, alifundisha nani, vikombe vingapi, alikufa lini. Tuma. Subiri pesa.

Stima ilikuwa imepotea Roysambu yote, laptopu ilikuwa imebaki na chaji ya saa moja hivi, na Mama alikuwa amepiga simu mara mbili jioni hiyo. Sikuwa nimeshika. Nilijua anachotaka. Alitaka niongee na Mwalimu.

Mwalimu ni baba yangu. Hata Mama humwita Mwalimu, na sisi watoto tulikua tukidhani ndilo jina lake. Alifundisha jiografia na michezo katika shule moja ya upili kule magharibi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda huo wote alikuwa kocha wa raga. Mwaka huo alitimiza miaka 60, na kwa mwalimu wa serikali hapa Kenya, 60 ni 60. Zamani ilikuwa 55. Serikali ilipoongeza mitano mwaka 2009, Mzee aliipokea kama mtu aliyeongezewa nyama kwenye sahani bila kuomba. Sasa hiyo mitano pia ilikuwa imeisha. Wakamfanyia sherehe. Blanketi ya Kimasai, birika, keki yenye jina lake limekosewa herufi moja. Jumatatu iliyofuata, saa kumi jioni, alivaa raba zake, akatundika filimbi shingoni, akarudi uwanjani kana kwamba hakuna mtu aliyemwambia kitu.

Wiki ya tatu, mlinzi wa geti akaambiwa asimfungulie. Mlinzi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Mama alinieleza hivyo kwa sauti ya chini sana kwenye simu, kama mtu anayesimulia msiba.

Basi usiku huo nilikuwa natafuta tarehe za huyu Stagg nimalize nilale, na macho yakaanguka kwenye mstari mmoja: mwaka 1932, Chuo Kikuu cha Chicago kilimwambia amefikisha miaka 70, kanuni ni kanuni, aondoke. Alikuwa amekaa hapo miaka 40. Mstari uliofuata ulisema alikwenda California akaanza upya.

Nikaacha kuandika. Nikaanza kusoma.

*

Alizaliwa 1862, West Orange, New Jersey, mtoto wa fundi viatu. Fikiria tu hiyo tarehe: Wamarekani walikuwa bado wanapigana ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Alienda Yale akitaka kuwa mhubiri. Pesa hakuwa nayo. Mwanzoni aliishi kwenye chumba cha darini kisicho na moto wa kuota, akijinyima chakula mpaka mwili ukakataa. Lakini mkono alikuwa nao. Alirusha mpira wa besiboli kiasi kwamba klabu za kulipwa zikaanza kumfuata, na ya New York ikamwekea mezani zaidi ya dola 4,000. Akakataa. Alisema mchezo haufai kuwa wa pesa. Mimi ninayeandika kwa dola moja na kitu kwa kila maneno mia moja nilisoma hapo mara mbili, nikamchukia kidogo.

Futiboli ya Kimarekani wakati huo ilikuwa changa, mtoto wa raga aliyeanza tu kumkana mama yake. Yale ndiyo ilikuwa nyumbani kwake. Mwaka 1888, Stagg akiwa kwenye kikosi, Yale ilicheza mechi 13 ikapata pointi 698. Wapinzani wote kwa jumla walipata sifuri. Nilidhani ni kosa la uchapaji, nikatafuta kwingine, kumbe ni kweli. Mwaka uliofuata ndipo Wamarekani walipotangaza kwa mara ya kwanza kikosi cha nyota wa vyuo vya nchi nzima, watu 11 pekee, na Stagg akawa mmojawao.

Mimbari ilimshinda. Yeye mwenyewe aliona hana ulimi wa kuhubiri, akaamua kwamba atafanya kazi ya Mungu kwa njia ya vijana na mipira. Akahamia Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA kilichofundisha walimu wa michezo. Huko alikutana na Mkanada mmoja anayeitwa James Naismith, ambaye Desemba 1891 alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani na kubuni basiketiboli. Tarehe 11 Machi 1892 watu waliruhusiwa kutazama mchezo huo kwa mara ya kwanza. Wanafunzi waliwapiga walimu 5 kwa 1. Hiyo moja ya walimu iliingizwa na Stagg.

Kwa hiyo ukienda Nyayo Gymnasium wikendi ukaona vijana wanarukia ringi, jua kwamba huyu mzee alikuwa uwanjani siku ya kwanza watu waliporuhusiwa kuutazama mchezo huo, na kwamba timu yake ilichapwa.

*

Mtu aliyempeleka Chicago alikuwa profesa wake wa zamani wa Yale, William Rainey Harper, mtaalamu wa Kiebrania aliyepewa kazi ya kuanzisha chuo kikuu kipya kwa pesa za Rockefeller. Harper alitaka chuo ambacho dunia ingekisikia haraka, na alijua kitu kinachosikika haraka. Alimwita Stagg kwa kiamshakinywa akamwahidi dola 1,500 kwa mwaka. Stagg akanyamaza, anafikiria. Harper akadhani anakataa, akapandisha hadi 2,000. Stagg bado kimya. Basi 2,500, na cheo cha profesa mshiriki, kazi ya kudumu. Ukiwahi kununua viatu Gikomba unajua nguvu ya kunyamaza, ila huyu inasemekana hakuwa anabishana bei. Alikuwa anafikiria tu.

Cheo hicho ndicho kilichobadilisha mambo. Kabla yake makocha walikuwa watu wa kuja na kuondoka, wachezaji wa zamani wanaosaidia msimu mmoja na kurudi kwenye kazi zao. Stagg alikuwa mwalimu wa chuo kama wa kemia au wa historia, mkuu wa idara yake, na aliripoti kwa Harper mwenyewe. Chuo kilifungua milango tarehe 1 Oktoba 1892, na siku hiyohiyo akawaita vijana kwa mazoezi. Walikuja 13. Walipokosa watu wa kutosha, kocha mwenyewe alivaa jezi akaingia. Mwaka huo alikuwa na miaka 30.

Kuna mambo madogo juu yake yaliyonifanya nicheke peke yangu gizani. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe, hakutukana. Akikasirika sana na mchezaji alimwita punda. Akikosea tena, punda mara mbili. Wachezaji walihesabu daraja zao za upunda kama vyeo vya jeshi. Alipougua neva za mguu hata kutembea ikawa shida, hakukaa nyumbani. Alibebwa uwanjani ndani ya kitoroli cha pembeni cha pikipiki, akawa anafundisha akiwa ameketi humo, mtu mzima kwenye boda, anapiga kelele.

Na kulikuwa na Stella. Stella Robertson alikuwa mwanafunzi wa Chicago, walioana 1894. Alikaa jukwaani na karatasi akichora kila mwendo wa mchezo, nani alisimama wapi, mpira ulikwenda wapi. Alikwenda kuwapeleleza wapinzani. Kwa miaka zaidi ya hamsini, kila palipoandikwa Stagg kulikuwa na mwanamke mwenye penseli.

Hapo nilimkumbuka Mama na karai. Kila Jumapili baada ya ibada, jezi za timu zilikuja nyumbani kwetu kwenye gunia, zimejaa tope jekundu, na zilioshwa na Mama, kwa sababu shule haikuwa na bajeti ya kufua na Mwalimu hakutaka vijana wake waonekane kama chokoraa. Sijawahi kusikia mtu akimshukuru kwenye hotuba. Hata ile ya blanketi na birika.

*

Nikimsoma Stagg kama kocha nampenda. Nikimsoma kama mkubwa wa ofisi, napunguza.

Maana idara ile ilikua ikawa kama nchi ndani ya chuo. Pesa za mlangoni zilipita mikononi mwake. Uwanja, uliotolewa na tajiri wa maduka Marshall Field na kuitwa kwa jina lake, baadaye ulibadilishwa ukaitwa Stagg Field, mwenyewe akiwa bado anautembelea kila siku. Aliita shule za upili za nchi nzima kuja Chicago kwa mashindano ya riadha na, kuanzia 1917 hadi 1930, ya basiketiboli. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa pia njia ya kuona vipaji mapema, na sidhani hakulijua hilo. Yule aliyekataa dola za New York kwa sababu mchezo si wa pesa ndiye aliyejenga mashine mojawapo ya kwanza za pesa katika michezo ya vyuo. Nyota wake mkubwa kuliko wote, Walter Eckersall, aliyepiga mpira kwa mguu hadi magazeti yakaishiwa sifa, alimaliza miaka yake ya kucheza akaondoka bila digrii.

Halafu kuna 1905.

Mwaka huo futiboli ilikuwa inaua. Si msemo: vijana walikufa uwanjani, zaidi ya kumi na tano msimu mmoja, wakikandamizwa kwenye zile rundo za miili. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton akawaambia wausafishe mchezo. Stagg alikuwa kwenye kamati ya sheria. Mwaka 1906 waliruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, ili watu watawanyike badala ya kugandamana. Mchezo unaouona leo kwenye fainali yao ya Februari ulizaliwa hapo.

Lakini kabla ya sheria mpya, tarehe 30 Novemba 1905, Chicago ilikutana na Michigan. Michigan walikuwa hawajashindwa mechi 56. Uwanja ulijaa, zaidi ya watu 25,000. Hakuna aliyepata kitu hadi kipindi cha pili, Eckersall alipoupiga mpira juu na mbali, ukaangukia nyuma ya mstari wa Michigan. Kijana anayeitwa Denny Clark aliudaka. Angeutuliza hapohapo, mambo yangeisha. Yeye alitaka kukimbia nao. Alitoka, wa Chicago wakamkamata, wakamrudisha nyuma ya mstari wake mwenyewe. Hiyo ni pointi mbili kwa mpinzani. Mechi iliisha 2 kwa 0. Chicago ikawa bingwa na jiji likalewa furaha, isipokuwa kocha, ambaye halewi.

Clark aliishi miaka 27 baada ya siku hiyo. Mwaka 1932 alijipiga risasi. Magazeti yaliandika kwamba aliacha barua kwa mkewe, na ndani yake aliitaja ile mechi.

1932. Mwaka uleule ambao Chicago ilikuwa inamwambia Stagg basi.

Sikusema Stagg alimuua mtu. Mpira ulidakwa vibaya, ndivyo mechi zinavyoisha. Lakini nilikaa na hiyo aya kwa muda, simu yangu ikiwa ndiyo taa. Kwa sababu Mwalimu naye alikuwa na vijana wake. Kuna mmoja aliyeangusha mpira kwenye fainali ya kaunti miaka ya nyuma, na kila Krismasi akija kutusalimu hulitaja hilo kabla ya chai kupoa. Huwa analitaja akicheka. Mwalimu hucheka pia, halafu anamwonyesha tena, sebuleni, namna mikono inavyotakiwa kukaa.

*

Rais wa Chicago wakati huo alikuwa Robert Maynard Hutchins, aliyepewa chuo mwaka 1929 akiwa na miaka 30. Hakupenda michezo. Aliona chuo ni vitabu. Kwa upande wake, timu ya Stagg ilikuwa imechoka pia. Ubingwa wa mwisho ulikuwa wa 1924, na vyuo vikubwa vya jimbo vilikuwa na vijana wengi na masharti machache. Ukweli ni kwamba kulikuwa na sababu. Hiki ndicho kitu kigumu kumwambia mzee: kwamba wanaokutoa huenda hawakuchukii, na huenda hata hawajakosea kabisa.

Walimpa Stagg kazi nyingine, ya kukaa ofisini na kushauri. Bila filimbi. Akakataa. Akiwa na miaka 70 alipanda treni na Stella hadi Stockton, California, kwenye chuo kidogo kilichoitwa College of the Pacific, ambako hakukuwa na pesa wala majukwaa makubwa, akaanza mazoezi.

Mwaka 1938 alirudi Chicago. Alirudi kama mgeni, na timu yake ndogo, kwenye uwanja ulioandikwa jina lake. Pacific 32, Chicago 0.

Nilisimama. Nyumba nzima ilikuwa giza, mimi nimesimama katikati ya chumba kimoja Roysambu nikishangilia mechi ya 1938 ya mchezo nisiouelewa.

Mwaka uliofuata Michigan iliichapa Chicago 85 kwa 0, na Desemba hiyo Hutchins akaufuta mchezo kabisa. Uwanja ukabaki na majukwaa matupu. Chini ya majukwaa hayo, kwenye ukumbi wa kuchezea skwoshi, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake walipanga matofali ya grafiti na urani mpaka wakawasha kwa mara ya kwanza mfululizo wa nyuklia unaojiendesha wenyewe. Ndiyo, bomu la atomiki lina mizizi pale. Leo mahali hapo pamejengwa maktaba. Hutchins alipata vitabu vyake.

Stagg aliendelea. 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. 1946 Pacific nao wakamwambia inatosha. Alikuwa na 84. Akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe, aliyekuwa kocha wa chuo cha Susquehanna. Mtoto akiwa bosi, baba akiwa msaidizi, na 1951 hawakushindwa hata mechi moja. Stella alipodhoofika hata safari ikamshinda, alirudi kukaa naye Stockton, na hapo, akiwa na zaidi ya miaka 90, akawa anawafundisha vijana wa chuo cha karibu kupiga mpira kwa mguu. Hicho tu. Namna mguu unavyokutana na mpira.

Ushindi 314 kwa vyuo vyote. Ilichukua hadi 1981 mtu kumpita.

Chaji iliisha nikiwa hapo. Nilimalizia kwa simu, kidole kimoja, nikatuma saa moja na dakika hamsini. Mteja alijibu kwamba ni nzuri ila niondoe yule kijana wa Michigan, msomaji hataki huzuni. Nikamwondoa. Nilihitaji kodi.

*

Ijumaa nilipanda basi la usiku. Nilimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba akipanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alikuwa amepungua. Si mwili tu. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la benki.

Mama alikuwa amenipa kazi yangu: nimwambie akubali. Alime mahindi, aende kanisani, aache kupita pale getini jioni akijifanya anaenda dukani, maana watu wameanza kuongea. Kocha mpya ni kijana wa miaka 28, na kila mara wavulana wakimwona Mwalimu nje ya seng'enge wanageuza macho kumtazama yeye badala ya kocha wao. Hilo la mwisho Mama hakulisema kwa ukali. Alisema, "Huyo kijana pia ni mtoto wa mtu."

Nilikuwa nimejipanga. Badala yake, baada ya chakula, nilijikuta namsomea Stagg.

Mwanzoni alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Pointi 698 kwa sifuri hakuamini. Nilipofika kwenye sheria ya 1906 alinikatiza.

"Wanarusha mbele? Kwa mkono?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbele?"

"Mbele."

"Hiyo sasa si raga. Hiyo ni kutafutana." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kwani refa alikuwa wapi?"

Nikamweleza kuhusu waliokufa, kwamba ndiyo sababu. Akatulia. Akasema basi walifanya vizuri, ila wangeipa jina lingine.

Punda mara mbili alimpenda sana. Alilirudia. Mama, aliyekuwa anachambua maharagwe kwa taa, akasema wewe ulikuwa unawaita vibaya zaidi, na Mwalimu akasema hiyo ni siri ya uwanjani. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu lile blanketi.

Nilimsomea Clark. Toleo langu, si la mteja. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kijana alikuwa na miaka mingapi siku ya mechi, nikasema sina hakika, mwanafunzi wa chuo. Akasema, "Kocha wake alikuwa wapi jioni hiyo?" Nilidhani anauliza kuhusu Michigan. Baadaye kidogo akaongeza, "Na huyu wako pia. Angemtafuta. Mkishinda ndiyo unapata nafasi ya kumtafuta yule mwingine."

Halafu 1932, na treni, na 1938. Nilitegemea ashangilie kama mimi. Aliuliza ni nani alikuwa kocha wa Chicago siku ile ya 32. Nikamwambia ni Clark Shaughnessy, aliyechukua nafasi ya Stagg.

"Maskini," Mwalimu akasema.

Ilinichukua muda kuelewa anamwonea nani huruma.

Basi sikumwambia akubali. Wala sikumwambia asikubali. Kusema kweli sikujua ni lipi nililolitaka. Nimekua nikimgawana na timu. Siku ya matokeo yangu ya darasa la nane alikuwa kwenye basi la shule njiani kwenda Kisumu, na alama zangu nilimsomea kwa simu ya dereva. Kuna sehemu yangu ilifurahi geti lilipofungwa. Sijawahi kumwambia mtu hilo, na naliandika hapa kwa sababu najua wazazi wangu hawasomi magazeti ya mtandaoni.

Nikamalizia: Susquehanna, mtoto akiwa bosi. Stockton. Mzee wa miaka tisini na kitu na vijana wa kupiga mpira kwa mguu.

"Kupiga tu?" Mwalimu akauliza.

"Kupiga tu."

Akanyamaza muda mrefu. Mama ndiye aliyeongea, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Na huyo Stella. Alikuwa analipwa?"

Nikasema sijaona mahali palipoandikwa hivyo.

"Alikufa lini?"

"Mwaka 1964."

"Na mzee?"

"Machi 1965. Alikuwa na miaka 102."

Mama akahesabu kwa vidole vyake vyenye vumbi la maharagwe. "Miezi minane," akasema. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama ukuta.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya kitu kinachohema nje. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni na pampu ya baiskeli, anajaza mpira wa zamani uliokuwa juu ya kabati tangu nikiwa mdogo. Shule ya msingi ya hapo chini, akasema bila kunitazama, haina mtu wa michezo siku za Jumamosi. Watoto wa darasa la nne, la tano. Mwalimu mkuu ni mama mmoja wa kanisani. Ameshamuuliza.

"Ni wadogo sana kukabana," akasema. "Ni kudaka tu. Mikono."

Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akausogelea mpira, akaukandamiza kwa kidole gumba.

"Bado," akasema. "Ongeza. Na jezi safari hii kila mtoto ataoshewa kwao."

Mwalimu akaongeza.